Gari la Matangi Mawili ya Mafuta: Jinsi Linavyofanya Kazi na Namna ya Kulipima

Anayesafiri kutoka Mpanda kuelekea Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, hufahamu kwamba vituo vya mafuta huwa vichache kadiri anavyoliacha mji. Wakati wa masika barabara ya udongo huongeza utelezi, mwendo hupungua na mafuta huliwa zaidi. Ndiyo maana wakazi wengi wanaokodi au kununua gari la magurudumu manne hulitafuta lenye matangi mawili. Gari hilo ndilo linalobeba mgonjwa usiku, mazao ya wakulima na mizigo ya wafanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Katika somo hili tunaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, hitilafu inayowagharimu watumiaji fedha na wakati mwingine kuwavunjia watu heshima, na hatua za kuchukua kabla ya kulipa au kulaumu.

1. Matangi mawili, mafuta ya aina moja

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Gari la matangi mawili si gari la mafuta ya aina mbili. Yapo magari, hasa Dar es Salaam, yaliyofungiwa mtungi wa gesi asilia juu ya tangi la petroli. Hayo hutumia nishati mbili tofauti. Gari tunalolizungumzia hapa hutumia mafuta ya aina moja, kwa kawaida dizeli, yaliyohifadhiwa mahali pawili. Kujaza petroli katika tangi moja na dizeli katika jingine ni kuiharibu injini.

Mfano unaojulikana ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ndefu ambayo wengi huiita Hardtop. Matoleo yake mengi ya aina ya 78 yana matangi mawili ya lita 90 kila moja, yaani lita 180 kwa jumla. Iwapo gari linatumia lita 15 kwa kilometa 100, tangi moja litalifikisha kilometa 600, na yote mawili kilometa 1,200. Katika tope na milima hesabu hiyo hupungua sana. Mtumiaji asiitegemee kama ahadi.

2. Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Katika magari mengi ya dizeli ya aina hii, dashibodi ina swichi ya kuchagua tangi kuu au tangi la pili. Swichi hiyo huamuru valvu inayotumia umeme, nayo hufungua njia ya tangi lililochaguliwa na kufunga ya jingine. Mshale wa mafuta nao huonyesha kiasi cha tangi lililochaguliwa peke yake. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu ndilo chanzo cha migogoro mingi.

Injini ya dizeli haiunguzi mafuta yote yanayoifikia. Pampu huvuta zaidi ya kinachohitajika, na mafuta yanayobaki hurudishwa tangini kwa bomba la pili, ambalo mafundi huliita ritani. Kwa hiyo valvu ina kazi mbili: kuchagua tangi la kuvuta na kuchagua tangi la kurudishia. Mfumo ukiwa mzima, mafuta hurudi katika tangi lile lile yalikotoka.

Magari mengine yamejengwa kwa namna tofauti: tangi la pili halilishi injini moja kwa moja, bali mafuta yake huhamishiwa tangi kuu pale dereva anapobonyeza kitufe. Kabla ya kukodi au kununua, uliza gari lako ni la namna ipi.

3. Hesabu ya tangi moja na hesabu ya matangi mawili

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima wa Kapalamsenga kimekodi gari, na mkataba unasema mafuta ni juu ya kikundi. Asubuhi tangi la pili limejaa, lita 90, na tangi kuu lina lita 50. Dereva anachagua tangi la pili na kusafiri kilometa 160. Kwa matumizi ya lita 15 kwa kilometa 100, gari lilipaswa kutumia lita 24. Jioni mweka hazina anatazama mshale: tangi la pili limebaki na lita 30. Zimepungua lita 60. Lita 36 zimekwenda wapi?

Kwa hesabu hiyo dereva ameshakuwa mwizi. Kibarua chake kiko hatarini, na jina lake pia.

Lakini mweka hazina akigeuza swichi, mshale unaonyesha kwamba tangi kuu, lililokuwa na lita 50, sasa lina takriban lita 86. Asubuhi jumla ilikuwa lita 140, jioni ni lita 116, na tofauti ni lita 24 tu, sawasawa na safari. Hakuna tone lililoibwa. Valvu ilifungua njia ya kuvuta katika tangi la pili, lakini upande wa kurudishia ulikwama kwenye tangi kuu. Injini ilivuta huku na kurudisha kule.

Hitilafu hiyo hiyo inaweza kuleta hasara ya kweli. Tangi kuu lingekuwa limejaa tangu asubuhi, mafuta yanayorudi yangekosa nafasi na kumwagika barabarani kupitia pumulio. Hapo mtumiaji hupoteza fedha, na dereva huweza kuzimikiwa na injini porini akidhani bado ana akiba.

Kanuni yetu ni hii: usiseme mafuta yamepotea mpaka umejumlisha matangi yote mawili.

4. Jinsi ya kulipima gari

Kipimo hiki hakihitaji fundi wala kifaa:

(a) Simamisha gari mahali tambarare. Geuza swichi, usubiri mshale utulie, kisha andika kiasi cha kila tangi pamoja na kilometa zilizoandikwa kwenye dashibodi.

(b) Hakikisha tangi moja lina nafasi, walau robo tupu. Endesha kwa tangi jingine kwa kilometa 50 hadi 100 bila kubadilisha.

(c) Simama tena mahali tambarare, usome matangi yote mawili. Tangi lisilotumika likiwa limepanda, upande wa kurudishia una kasoro. Likiwa limeshuka, valvu haifungi vizuri au kuna uvujaji.

(d) Rudia kwa kubadilisha tangi. Valvu inaweza kufanya kazi upande mmoja na kukwama upande wa pili.

Mshale si mizani, hutoa makadirio. Ukitaka hesabu sahihi zaidi, jaza matangi yote kituoni kabla ya safari, kisha yajaze tena baada ya safari. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika.

5. Matunzo ya kawaida

Tumia matangi kwa zamu. Tangi lililoachwa miezi mingi hukusanya maji na uchafu, ambavyo huonekana siku unapolihitaji. Badilisha tangi kabla la kwanza halijakauka, kwani dizeli ikiisha kabisa hewa huingia kwenye mabomba, nawe utalazimika kuitoa kwa pampu ya mkono kabla injini haijawaka tena. Kumbuka pia uzito: lita 90 za dizeli zina takriban kilo 75, na matangi yote mawili yakijaa ni kama kilo 150. Zihesabu katika shehena.

Tangi la ziada lililochomelewa mtaani lisilo na pumulio salama, au lililo karibu na bomba la moshi, ni hatari. Vilevile dumu la mafuta ndani ya gari lenye abiria si mbadala wa tangi la pili.

6. Haki zako

Unapokodi, dai mkataba utaje kiasi cha mafuta katika kila tangi wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha gari. Unaponunua gari lililotumika, fanya kipimo cha sehemu ya 4 kabla ya kulipa, na kasoro utakayoiona iandikwe.

Kituoni, dai risiti ya EFD kwa kila ujazaji. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila eneo, Mpanda ikiwemo. Kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya kikomo hicho. Ukitilia shaka kipimo cha pampu, toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mshale mmoja hautoshi kukuonyesha mafuta yote ya gari?
2. Tangi la pili limepungua lita 40, na tangi kuu limeongezeka lita 25. Gari limetumia lita ngapi?
3. Ungemwambia nini mwenzako anayetaka kumfukuza dereva kwa hesabu ya tangi moja?

Jibu la swali la 2 ni lita 15. Atakayelipata anaweza kuokoa fedha za kikundi chake, na pengine jina la mtu asiye na hatia.