Begi Moja Mgongoni: Kujiandaa kwa Ziara ya Mafunzo Nchi Jirani

Vikundi vingi vya wakulima, vijana na akina mama hupata nafasi ya kuwatembelea wenzao wa nchi jirani ili kujifunza. Mara nyingi nguvu zote huelekezwa kwenye nauli na barua ya mwaliko, na kufunga mizigo huachwa hadi usiku wa mwisho. Somo hili linahusu mizigo hiyo. Lisomeni pamoja wiki tatu kabla ya kuondoka, kwa sababu baadhi ya mambo yaliyomo hayafanyiki kwa usiku mmoja.

Tutatumia mfano wa safari ya basi kutoka Tanzania kwenda Rwanda kupitia Rusumo, mpaka uliopo kwenye mto Kagera. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200. Njiani utapanda na kushuka mara nyingi, utalala nyumba ya wageni, utasimama kwenye foleni mpakani, na huenda ukatembea kwa miguu kwenye vilima hadi nyumbani kwa mwenyeji wako. Sanduku kubwa litakuchosha. Begi la mgongoni linakuachia mikono yote miwili.

Kanuni yetu ni moja: funga kile unachoweza kukibeba mwenyewe, na ukijue kila kilichomo.

Pima uzito kabla ya kuondoka

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayefunga begi zito asiloliweza huona ni jepesi, kwa kuwa atakayelibeba ni mwingine. Mara nyingi huyo huwa kijana mdogo kuliko wote katika msafara, au mtoto wa mwenyeji aliyetumwa kuwapokea wageni.

Watu waliozoea safari ndefu za miguu hushauri mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Kwa ziara ya wiki moja kilo 8 zinatosha. Kama hamna mizani, tumieni ndoo: lita 10 za maji zina uzito wa kilo 10. Begi likiwa zito kuliko ndoo hiyo, punguza.

Jaribio lililo bora ni kuvaa begi lililojaa na kutembea nusu saa, ikiwezekana mahali penye mwinuko. Ukirudi, toa kila ulichokiweka kwa kusema "labda kitahitajika".

Namna ya kupanga nayo ina maana:

- Weka vitu vyepesi kama nguo za kulalia chini kabisa.
- Weka vitu vizito katikati, karibu na mgongo wako. Vikikaa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma.
- Weka juu kile utakachohitaji mapema: sweta, koti la mvua, tochi.
- Sawazisha pande zote mbili ili bega moja lisiumie.
- Kama begi lina mkanda wa kiunoni, ufunge. Mkanda huo huhamisha sehemu ya uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga.

Nini kifungwe

Kwa siku saba, nguo za siku tatu zinatosha, kwa sababu zitafuliwa. Chukua jozi mbili za kubadilisha, jozi moja nadhifu ya mikutano na ibada, viatu imara vya kutembelea na kandambili. Usisahau sweta. Kigali ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea joto la pwani atahisi baridi usiku. Khanga au kitenge kimoja hufanya kazi nyingi: taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo. Ongeza sabuni, mswaki, chupa ya maji ya kujaza tena, daftari na kalamu. Waulizeni wenyeji mapema kama wana vyandarua vya kutosha. Kama hawana, kila mtu abebe chake.

Soketi nyingi za Rwanda ni za pini mbili za mviringo, si pini tatu bapa tulizozizoea. Adapta moja au mbili zinatosha kikundi kizima. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Magari nayo hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo unapovuka, tazama kushoto kwanza.

Visivyotoka mwilini

Begi kubwa litaingia kwenye buti la basi, na hutaliona kwa saa nyingi. Kwa hiyo kila mtu awe na mfuko mdogo unaobaki naye wakati wote, wenye vitu vifuatavyo:

1. Pasipoti au hati ya dharura ya safari, iliyoombwa mapema ofisi ya Uhamiaji. Acha nakala kwa kiongozi wa msafara na nyingine nyumbani.
2. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, ndiyo maana haifai kuchomwa siku moja kabla ya safari. Tangu Julai 2016, kadi halali inatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo. Usikubali kununua kadi bila kuchanjwa. Kadi hiyo haimzuii mbu.
3. Fedha, zikiwa zimegawanywa sehemu mbili.
4. Dawa zote unazotumia kila siku.

Hilo la nne tunalisisitiza. Mtu anayetumia dawa za kisukari, kifafa, shinikizo la damu, kifua kikuu au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hapaswi kukosa hata siku moja. Achukue dozi ya siku zote za safari, na aongeze ya siku chache, kwa kuwa basi huharibika na mipaka huchelewesha. Dawa zibaki kwenye vyombo vyake vya asili vyenye majina, pamoja na barua ya daktari au kadi ya kliniki.

Viongozi, lindeni siri. Msimwambie mtu amwage begi lake mbele ya kikundi ili likaguliwe. Kuna waliowahi kuacha dawa nyumbani kwa kuogopa kuonekana. Ukaguzi wa namna hiyo unaweza kumgharimu mtu afya yake.

Kwa kikundi kizima, bebeni sanduku dogo la huduma ya kwanza lenye bandeji, glavu na pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Pakiti zikiisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Vitu vitatu vya kuacha

Mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Usifunge nguo wala zawadi ndani yake. Tumia mifuko ya kitambaa au foronya ya mto. Kwa mvua, koti pana linaloweza kukufunika pamoja na begi litakufaa.

Kifurushi cha mtu mwingine. Stendi za mabasi zimejaa watu wanaoomba msaada: "Nifikishie mzigo huu, ndugu yangu atakupokea ukifika." Kwetu kukataa ombi kunaonekana kukosa utu, na wahalifu wanalijua hilo. Mbele ya afisa wa forodha, mzigo uliomo begini mwako ni wako. Ukikutwa na dawa za kulevya, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na katika baadhi ya nchi za Asia ni kifo. Jibu kwa upole lakini bila kuyumba: "Samahani, kikundi chetu kimekubaliana tusibebe mzigo wa mtu asiye mmoja wetu." Makubaliano ya kikundi humsaidia aliye mpole asibaki peke yake na aibu ya kukataa. Hata kifurushi cha jamaa, kifungueni na kukiona chote kabla ya kukipokea.

Mbegu, pingili na machipukizi. Hili ni la safari ya kurudi, na ndilo linalowajaribu zaidi wakulima. Umeona shamba zuri la migomba, mwenyeji amekuchimbia chipukizi, na begini pana nafasi. Lakini mnyauko bakteria wa migomba, uliotambuliwa Uganda mwaka 2001, ulienea katika nchi zetu jirani miaka iliyofuata. Njia mojawapo ya kuenea kwake ni machipukizi yanayosafirishwa na watu wenye nia njema, nyingine ni mapanga yasiyosafishwa. Chipukizi linaweza kuonekana zima huku lina ugonjwa ndani, na mgomba ulioambukizwa hauna dawa. Vivyo hivyo pingili za muhogo: michirizi ya kahawia inaweza kujificha kwenye shina linaloonekana safi, hadi siku ya kuvuna mnapokuta mihogo imeoza ndani. Zawadi ya mkulima mmoja inaweza kumaliza chakula cha kijiji.

Mshukuru mwenyeji na umweleze sababu. Andika jina la aina hiyo ya mmea, kisha umwombe afisa kilimo wa kata yako njia halali ya kuipata. Kabla ya kuondoka, osha udongo kwenye viatu na zana zako zote. Utakayorudi nayo kwa usalama ni maarifa yaliyomo kwenye daftari lako, na hayo hayaongezi uzito.

Zoezi kwa kikundi

Kila mtu aandike vitu kumi anavyotaka kufunga. Wawili wawili wabadilishane orodha, na kila mmoja apendekeze vitu vitatu vya kuacha. Dawa zisiandikwe kwenye orodha hiyo. Kisha mmoja aigize mtu wa stendi mwenye kifurushi, na kila msafiri ajizoeze kukataa kwa heshima.

Maswali ya kujadili

- Katika safari zenu zilizopita, nani alibeba mizigo ya wengine? Kwa nini yeye?
- Tutamsaidiaje mwenzetu mwenye dawa za kila siku bila kuitoa siri yake?
- Ni magonjwa gani ya mazao yaliyofika kijijini kwetu kwa njia ya mbegu au machipukizi ya zawadi?
- Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tutafunga nini kitakachotuwezesha kufanya kazi pamoja na wenyeji wetu, badala ya kuhudumiwa tu?