Maji Yapandayo na Maji Yashukayo



Leo tujifunze juu ya maji ya samaki. Siku hizi watu wengi wanafuga perege na kambale nyumbani. Mahali kama Mbweni, kata iliyo ufukoni katika Wilaya ya Kinondoni, viwanja ni vidogo. Si kila mtu ana nafasi ya kuchimba bwawa. Kwa hiyo wengine wanajenga tangi la saruji uani, na chini yake wanaweka pipa. Maji yanatoka katika tangi, yanashuka katika pipa, yanachujwa, kisha pampu inayapandisha tena.

Kwa nini tujisumbue kuyazungusha? Kwa sababu samaki anakula na kunya katika maji hayo hayo. Kinyesi na chakula kilichobaki huoza na kutoa sumu. Maji yakipita katika kokoto ndani ya pipa, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi juu ya kokoto hizo, huigeuza sumu ile ikapungua ukali. Tena, maji yanayotembea huchukua hewa. Samaki naye anahitaji hewa, kama wewe na mimi.

Basi hapo watu wengi huuliza: Je, nitafanyaje ili maji yanayopanda yawe sawasawa na yanayoshuka? Yakipanda mengi mno, tangi litafurika. Yakishuka mengi mno, tangi litakauka.

MAJI HUJIPIMA YENYEWE

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Jibu letu limo humo.

Chukua ndoo, itoboe tundu kubwa ubavuni karibu na ukingo. Ijaze maji mpaka kwenye tundu. Sasa ongeza kikombe kimoja. Kitatoka kiasi gani? Karibu kikombe kimoja. Ongeza vikombe viwili, vitatoka viwili. Ukimimina haraka, maji yatapanda kidogo juu ya tundu, nayo yatatoka kwa nguvu zaidi. Ukipunguza, yatashuka. Ukiacha, yataacha.

Tangi la samaki ni vivyo hivyo. Weka bomba la kutolea maji juu, mahali unapotaka maji yaishie. Kila ndoo inayopandishwa na pampu itasukuma ndoo moja kutoka. Huna haja ya kukaa unafungua na kufunga koki.

Kwa hiyo usiweke pampu mbili, moja ya kupandisha na nyingine ya kushusha. Pampu mbili hazilingani kamwe. Moja itaishinda mwenzake, na asubuhi utakuta tangi moja limefurika na jingine kavu. Wala usibane bomba la kushusha kwa koki. Jani moja likinasa hapo, njia imeziba. Ukitaka maji yaende polepole, weka koki kwenye bomba la kupandisha, baada ya pampu.

Bomba la kushusha liwe nene kuliko la kupandisha. Maji ya kupanda yanasukumwa na pampu, lakini ya kushuka yanakwenda kwa uzito wake tu. Kama la kupandisha ni robo tatu inchi, la kushusha liwe inchi moja na nusu.

TUPIME KWA NDOO

Sasa shika kalamu na daftari. Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Maji yana kina cha sentimita 60.

Katika tangi hili, kila sentimita 1 ya kina ni lita 20. Yaani ni ndoo moja kubwa! Kwa hiyo kina cha sentimita 60 ni ndoo 60, au lita 1,200.

Pampu nayo tuipime. Usiamini tu kilichoandikwa juu yake, kwa sababu kadiri inavyopandisha maji juu zaidi ndivyo inavyotoa machache. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba la kupandisha, pale pale juu ya tangi, uangalie saa. Tuseme imejaa kwa sekunde 40. Basi kwa dakika 1 pampu inatoa lita 30. Gawa lita 1,200 kwa 30, utapata dakika 40. Maana yake, kila baada ya dakika 40 hivi pampu imepandisha maji ya kutosha tangi zima.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Pipa letu la chini ni la lita 200, yaani ndoo 10. Pampu ikifanya kazi, ndani ya pipa kuna ndoo 5. Nafasi iliyobaki ni ya ndoo 5.

Umeme ukikatika, maji yaliyokuwa juu ya mdomo wa bomba la kushusha yatashuka. Kama ni sentimita 3, hizo ni ndoo 3. Pipa litazipokea bila taabu.

Lakini je, mdomo wa bomba la kupandisha uko wapi? Kama umezamishwa sentimita 30 ndani ya maji, pampu ikisimama bomba lile litaanza kuvuta maji kinyumenyume. Ni kama mtu anavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka katika dumu: yakianza kushuka, hayasimami mpaka mdomo wa mpira uingie hewa. Sentimita 30 ni ndoo 30! Pipa lina nafasi ya ndoo 5. Ndoo 25 zitamwagika uani, nazo ni lita 500.

Na mambo hayajaisha. Umeme ukirudi usiku nyote mmelala, pampu itaanza tena. Tangi linadai karibu ndoo 30 ndipo limwage, na pipa lina ndoo 10 tu. Ndoo moja kwa sekunde 40, basi hazitimu hata dakika 7 pipa limekauka. Pampu itazunguka bila maji mpaka iungue. Asubuhi umepoteza maji, umepoteza pampu, na samaki wamesongamana katika nusu ya maji wakitafuta hewa.

Dawa yake haina gharama. Pandisha mdomo wa bomba la kupandisha uwe juu kidogo ya maji. Hapo pampu ikisimama, bomba linavuta hewa tu. Tena maji yakianguka kutoka juu yanaingiza hewa zaidi kwa ajili ya samaki. Wengine huacha mdomo ndani ya maji na kutoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji. Ni sawa pia, ila tundu hilo huziba kwa uchafu. Lisafishe kila wiki.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

1. Jua likikausha maji, tangi la juu halitaonyesha, kwa kuwa pampu inalijaza daima. Pipa ndilo litakalopungua. Piga mstari wa rangi ndani ya pipa, ukaongeze maji yakishuka chini ya mstari. Maji ya bomba yenye dawa yakae kwanza wazi siku nzima, kwa sababu dawa ile huwadhuru samaki.

2. Weka wavu mpana mbele ya bomba la kushusha ili samaki wasipite. Uondolee majani na uchafu kila siku.

3. Weka bomba la pili la akiba, sentimita 3 juu ya lile la kwanza. Ukiona maji yanapita humo, ujue la kwanza limeziba.

4. Ukingo wa tangi uwe juu ya maji kwa sentimita 10 au zaidi. Hata mabomba yote yakiziba, pampu haina zaidi ya ndoo 5 za kupandisha, na ndoo 5 ni sentimita 5 tu. Tangi halitafurika.

5. Umeme na maji ni maadui. Chomoa waya kwenye soketi kabla ya kutia mkono majini. Watoto wasiuchezee.

6. Umeme usiporudi upesi, usiwalishe samaki. Ukiwaona perege wanapumulia juu ya maji, chota maji ya tangi kwa ndoo na uyamimine tena kutoka juu, mara nyingi, ili yapate hewa. Kambale anaweza kunywa hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia zaidi kuliko perege.

Jambo la mwisho, fanya jaribio kabla ya kununua samaki. Jaza maji, washa pampu, subiri maji yatulie, kisha uizime wewe mwenyewe mchana kweupe. Angalia pipa. Likifurika, punguza maji au rekebisha bomba. Washa tena, na uangalie kama maji ya pipa yanatosha. Afadhali kuona kosa mchana ukiwa na kalamu mkononi kuliko kuliona alfajiri samaki wakiwa chali.

MASWALI

1. Kwa nini bomba la kushusha liwe nene kuliko la kupandisha?

2. Maji yakipungua kwa jua, utaona dalili wapi: katika tangi au katika pipa? Eleza sababu.

3. Tangi la mzee mmoja lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Mdomo wa bomba lake la kupandisha umezama sentimita 12. Pipa lake lina nafasi ya ndoo 5. Umeme ukikatika, zitamwagika ndoo ngapi? Ni lita ngapi?

4. Mshauri mzee huyo afanye nini. Andika mistari mitano, kisha umsomee jirani yako.