Somo la Afya: Chai ya Asubuhi kwa Mgonjwa wa Figo



Mwenzetu akirudi nyumbani na kuambiwa figo zimedhoofika, majirani tunampelekea nini? Ndizi mbivu, maparachichi na viazi vitamu, ati apate nguvu. Ni upendo, lakini twaweza kumdhuru. Wengine nao huogopa kila kitu na kushinda na njaa. Hiyo pia si sawa.

Figo hufanya nini?
Figo huchuja damu. Huondoa uchafu, maji yaliyozidi, chumvi, na madini kama potasiamu na fosforasi. Zikidhoofika, vitu hivi hubaki mwilini. Potasiamu ikizidi sana yaweza kusimamisha moyo ghafla, hata kama mtu hakuhisi dalili. Ugonjwa wa sukari na presha ndivyo viharibifu vikubwa vya figo.

Mambo ya kuangalia asubuhi

1. Chumvi. Hata mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kisichojaa, kwa vyakula vyote pamoja. Isyo na muthokoi wa jana huenda vina chumvi nyingi tayari. Magadi nayo huongeza sodiamu, kama chumvi. Ile chumvi ya dukani inayosemwa ni "ya watu wa presha" mara nyingi ina potasiamu. Mgonjwa wa figo asiitumie bila kumwuliza daktari.

2. Potasiamu. Iko nyingi katika ndizi, parachichi, machungwa, viazi vitamu, nduma, kunde na mbaazi (nzuu). Ikiwa kipimo cha damu kimeonyesha imezidi, punguza hivi. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, kisha maji hayo yamwagwe. Usiyafanye supu!

3. Fosforasi. Tia maziwa kidogo tu kwa chai. Maandazi ya hamira ni afadhali kuliko ya beking pauda.

4. Maji. Aliyepimiwa maji na daktari ahesabu chai na uji pia.

Mfano wa kifungua kinywa
Uji mwepesi wa mahindi au chai yenye maziwa kidogo, chapati moja isiyo na chumvi nyingi, yai moja, na kipande cha nanasi. Mwenye sukari asitie sukari, wala asiruke chakula baada ya dawa, maana sukari yaweza kushuka mpaka akazirai.

Kumbukeni: wagonjwa hawafanani. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huhitaji mayai na nyama zaidi kuliko asiyesafishwa. Kwa hiyo uliza kliniki: "Potasiamu yangu ni ngapi? Nile nini, niache nini?" Andika jibu.

Maswali ya kikundi
1. Someni Warumi 14:15. Chakula chaweza kumwumiza ndugu namna gani?
2. Katika mikutano yetu, mgonjwa wa figo anapewa nini?
3. Ni nani kati yetu hajapimwa presha na sukari mwaka huu? Tupange siku twende pamoja.