Mpiga picha za harusi adai lini fedha zake?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika biashara ya picha za harusi usemi huo ni hesabu kamili. Mpiga picha anayekubali kulipwa "baada ya shughuli" amewakopesha maharusi gharama zote za kazi, bila dhamana na bila tarehe ya marejesho. Somo la wiki hii ni namna ya kupanga malipo ya awali ili kazi ijigharamie yenyewe, na mteja naye asijione ameibiwa.

Kinachouzwa ni tarehe

Enzi za filamu, mpiga picha alikuwa na hoja nyepesi ya kuomba advansi. Filamu ya picha 36 ilinunuliwa dukani, ikasafishwa na kuchapwa kwa fedha taslimu, na mteja aliziona gharama hizo kwa macho. Kamera za dijitali ziliiondoa hoja hiyo. Leo mteja anaona kitufe kikibonyezwa mara elfu moja na anadhani hakuna kilichotumika. Gharama hazikutoweka, zilihama. Sasa zimo katika vifaa, msaidizi, usafiri, albamu, na siku kadhaa za kuchambua na kuhariri picha.

Gharama kubwa kuliko zote haionekani kabisa, nayo ni tarehe. Mwaka una Jumamosi 52, na si zote zina harusi. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi husubiri Ramadhani ipite. Jumamosi zinazobaki hugombewa. Mpiga picha aliyemwahidi mteja mmoja huwakataa wengine wote wa siku hiyo, na Jumamosi ikipita bure haiuziki tena, kama nyanya zilizoozea gengeni.

Kwa hiyo malipo ya awali hulipia vitu viwili tofauti. Kwanza ni arbuni ya kushika tarehe. Pili ni gharama za kazi yenyewe. Wapiga picha wengi huvichanganya, na hapo ndipo ugomvi wa kurudishiana fedha unapoanzia.

Kalenda ya kamati

Kabla ya kupanga masharti, mfanyabiashara hana budi kujua mteja wake hupata fedha lini. Harusi nyingi za mijini nchini Tanzania hugharamiwa kwa michango. Kamati huundwa miezi kadhaa kabla, ikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango husambazwa, ahadi huandikwa, na vikao hufuatana. Miezi ya mwanzo daftari hujaa ahadi, fedha ni chache. Wiki za mwisho ndipo fedha huingia kwa wingi.

Shughuli ikiisha, kamati huvunjwa. Wajumbe hukutana mara ya mwisho, hula na kunywa, mweka hazina husoma mapato na matumizi, na kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Deni lililobaki huwaangukia maharusi wawili, ambao wakati huo wanafikiria kodi ya nyumba na vyombo vya jikoni. Kudai fedha wakati huo ni kudai kisima kilichokwisha kukauka.

Wengine wanaoihudumia harusi wanalijua hilo siku nyingi. Mwenye ukumbi anaweza kufunga mlango, na mpishi anaweza kutowasha moto. Wote wana kitu cha kuzuia kabla ya siku yenyewe, hivyo hulipwa mapema. Mpiga picha hukabidhi bidhaa yake baadaye, na kwa sababu hiyo husukumwa mwisho wa foleni. Masharti mazuri ya malipo ndiyo yanayomtoa huko.

Hesabu ya mfano

Tuchukue kazi ya sh. 1,500,000. Msaidizi analipwa sh. 150,000, usafiri sh. 80,000, uhariri sh. 120,000 na albamu sh. 300,000. Jumla ya gharama ni sh. 650,000, na kinachobaki ni sh. 850,000. Humo ndimo hutoka kodi ya studio, uchakavu wa kamera na riziki ya mwenye kazi.

Mpiga picha wa kwanza anachukua asilimia 30 mwanzoni, yaani sh. 450,000, na kuacha asilimia 70 hadi baada ya harusi. Anafanya kazi yote na kuchapa albamu. Salio lisipokuja, ametumia sh. 650,000 na kupokea sh. 450,000. Amepoteza sh. 200,000 za mfukoni, pamoja na Jumamosi yake. Albamu anayoizuia haimsaidii, kwani haina mnunuzi mwingine duniani.

Mpiga picha wa pili anagawa bei hiyo hiyo katika mafungu matatu:

1. Asilimia 30, sh. 450,000, siku ya kuweka sahihi. Hii ni arbuni. Kabla haijalipwa, tarehe iko wazi kwa mteja yeyote.

2. Asilimia 50, sh. 750,000, siku 14 kabla ya harusi. Wakati huo michango imeanza kuingia na kamati bado ina nguvu. Wiki mbili humpa mpiga picha nafasi ya kufuatilia bila kugombana na watu siku ya furaha.

3. Asilimia 20, sh. 300,000, maharusi wakishaziona picha na kuchagua za albamu, lakini kabla albamu haijachapwa.

Kufikia siku ya harusi anazo sh. 1,200,000 mkononi. Akitoa msaidizi, usafiri na uhariri, jumla sh. 350,000, anabakiwa na sh. 850,000, yaani faida yake yote. Fungu la tatu ni sawa kabisa na gharama ya albamu. Likichelewa, albamu nayo husubiri, na mpiga picha hajaingia hasara hata ya shilingi moja. Mteja kwa upande wake ana kinga, kwa kuwa fungu la mwisho hatoi mpaka ameiona kazi.

Fundisho hapa si asilimia, kwani kila mmoja ana gharama zake. Fundisho ni kwamba kila fungu lilipie kazi inayofuata, na lisiachwe lilipie kazi iliyokwisha kufanyika.

Harusi ikiahirishwa au ikivunjika

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, harusi nyingi duniani ziliahirishwa, na wapiga picha wasio na kipengele cha kuahirisha walibaki wakibishana na wateja. Kipengele hicho ni kifupi: arbuni huhamia tarehe mpya iwapo tarehe hiyo iko wazi na taarifa imetolewa mapema. Mpiga picha anapata kazi yake, na mteja hapotezi fedha.

Harusi ikivunjika kabisa ni suala jingine. Wengi huandika "fedha hairudishwi" na kudhani wamemaliza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiendi hivyo. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kifungu cha 74 kinahusu mikataba iliyotaja kiasi cha kulipwa pindi ikivunjwa, na kinaruhusu fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa lugha ya sokoni, mpiga picha aweze kuonyesha kwamba kiasi anachobaki nacho kinalingana na hasara yake.

Njia ya busara ni ngazi. Taarifa ikija miezi mitatu kabla, tarehe bado inauzika, basi nusu ya arbuni irudishwe. Ikija chini ya hapo, arbuni ibaki. Ikija baada ya fungu la pili kulipwa, mpiga picha akate arbuni na gharama alizokwisha kutoa, kisha arudishe salio. Na upande wa pili uandikwe vilevile: mpiga picha asipofika na asilete mbadala wa kiwango chake, arudishe fedha zote. Masharti yanayombana mteja peke yake hayapiti kikaoni.

Nani aweke sahihi

Kamati si kampuni. Ikishavunjwa, hakuna wa kumpelekea madai. Mkataba utiwe sahihi na bwana au bibi harusi, na mwenyekiti au mweka hazina awe shahidi. Makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba halali, ila kuyathibitisha ni kazi nzito. Karatasi moja inatosha: tarehe, saa na mahali, bei, mafungu matatu na siku zake, kitakachokabidhiwa na lini, pamoja na masharti ya kuahirisha na kuvunja. Mliyokubaliana kwa simu yaandikwe kwa ujumbe na kuhifadhiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikubali ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Risiti itolewe kwa kila fungu, hata kama fedha zimeingia kwa lipa namba. Mweka hazina anaihitaji kikaoni, na anayempa risiti bila kuombwa hulipwa fungu la pili kwa urahisi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kulisema jambo lenyewe

Kikwazo kikubwa ni haya. Wengi huona aibu kutaja fedha mbele ya wazee wa familia, kisha huona aibu kubwa zaidi kuzidai baada ya harusi. Masharti yatajwe siku ileile bei inapotajwa, kwa sauti ileile: "Mheshimiwa Mwenyekiti, bei ni milioni moja na nusu. Tarehe yenu naifunga siku ya fungu la kwanza." Baada ya hapo anyamaze, asubiri jibu. Anayejieleza sana huwafanya wajumbe wadhani bei na masharti yanajadilika.

Ndugu na majirani wana mahali pao. Kama mpiga picha anataka kumsaidia binamu, ampunguzie bei na punguzo liandikwe kwenye mkataba, lakini mafungu na tarehe zake yabaki vilevile. Punguzo ni zawadi yenye kiasi kinachojulikana. Mkopo kwa ndugu hauna kiasi, na mara nyingi huondoka na undugu wenyewe.

Wapo wateja watakaokataa masharti haya na kwenda kwa anayekubali kusubiri. Mpiga picha asiwakimbilie. Kamati isiyoweza kutoa asilimia 30 miezi kadhaa kabla, wakati wajumbe wote wanapokea simu, haitakuwa rahisi kuidai asilimia 70 wakati kamati yenyewe haipo.