Haki ya Ndama Dume

Huko Boito, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, mvua ni nyingi na mashamba ya chai yamefunika vilima. Ng'ombe azaapo ndama jike, nyumba nzima hufurahi. Azaapo dume, furaha hupungua, kwa kuwa dume hatatoa maziwa. Mwisho wake ni kuuzwa na kuliwa. Hivyo baadhi ya watu hudhani kwamba si lazima kujisumbua kwa ajili yake. Je, mnyama atakayechinjwa ana haki gani kwa mwenyewe? Swali hilo ndilo somo la juma hili.

Zamani Wakipsigis walichunga makundi makubwa ya ng'ombe. Ng'ombe alitolewa mahari, na maziwa yake yalitiwa katika kibuyu yakawa mursik. Kisha, katika miaka ya 1920, makampuni ya chai yaliingia Kericho na kuchukua ardhi kubwa. Tangu mwaka 1964, ilipoundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya, wakulima wadogo wengi nao wamepanda chai mahali palipokuwa malisho. Leo mtu mwenye ng'ombe wawili au watatu huwafuga bandani na kuwakatia majani. Kila lita ya maziwa ina bei yake, na ndama huonekana kama mshindani wa mnunuzi.

Wajibu wa kwanza ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ndama huzaliwa bila kinga ya maradhi, na kinga hiyo huipata katika dang'a. Baada ya saa 24 hivi tumbo lake haliwezi tena kuipokea. Yafaa anyweshwe mapema, katika saa chache za kwanza, kadiri ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 35 apewe lita 3 na nusu. Mfugaji amnyimaye dume dang'a kwa sababu ni dume hana hoja ya haki, kwani njaa ya ndama dume si ndogo kuliko njaa ya ndama jike.

Wajibu wa pili ni safari. Si ajabu kuona mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki kichwa chini, au fahali amefungwa miguu na kulazwa garini juani. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumnyima chakula na maji, na kumsafirisha kwa namna ya kumtia mateso yasiyo ya lazima. Sheria hiyo haimtengi mnyama aendaye machinjioni.

Wajibu wa tatu ni wakati wa kisu. Mnyama na apumzike, anywe maji, wala asichinjwe kwa kisu butu. Waislamu hufundishwa kukinoa kisu vizuri, na kutokinoa mbele ya macho ya mnyama. Katika machinjio mengi ya nchi nyingine mnyama huzimishwa fahamu kwanza. Tena mateso huharibu nyama yenyewe. Mnyama aliyechoka na kuogopa humaliza sukari iliyo katika misuli yake. Nyama yake huwa nyeusi na kavu, na huoza upesi. Palipopigwa fimbo huvilia damu, na sehemu hiyo hukatwa ikatupwa.

Wako watu wasemao kwamba ni vema kuacha nyama kabisa. Wajaini, ambao miongoni mwao ni Waoshwal walioko Nairobi na Mombasa, hawali nyama, kwa kuwa dini yao yawakataza kudhuru kiumbe chenye uhai. Hoja yao si ya kuchekwa, maana mtu mwenye mboga, maharagwe na maziwa ya kutosha aweza kuishi vema bila nyama. Lakini hata alaye nyama hakusamehewa wajibu. Mwaka 1964 Ruth Harrison wa Uingereza alitoa kitabu juu ya taabu za wanyama waliofungiwa katika mabanda makubwa. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1965. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana haki tano zijulikanazo sasa duniani: mnyama asiwe na njaa wala kiu; asikae mahali pa taabu; asiachwe na maumivu au ugonjwa; asitiwe hofu; na apewe nafasi ya kuishi kwa desturi ya jinsi yake.

Mhuri wa mkaguzi juu ya nyama waonyesha kwamba nyama imekaguliwa na yafaa kuliwa. Hausemi kama mnyama alipewa maji njiani. Jambo hilo hulijua mwenye ng'ombe, mwenye gari na mchinjaji. Na mnunuzi aweza kuwauliza. Mwenye bucha akiulizwa na wateja kumi, naye atamwuliza amletеaye ng'ombe. Hivyo swali laweza kurudi njia yote, kutoka mizani ya bucha hadi bandani Boito, kwa ndama dume ambaye hajapata dang'a yake.