Mzee, simu na mbolea ya ruzuku: mambo ya kufanya kabla ya msimu

Leo tuache kidogo viwavijeshi na nafasi za kupandia, tuongelee simu. Somo hili ni la wazazi wetu wenye miaka 60 kwenda juu, pamoja na vijana wanaoishi nao.

Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku hapa Tanzania inatolewa kidijitali. Mkulima anasajiliwa kijijini na anapewa namba yake. Taarifa zake, pamoja na namba ya simu, zinaingia kwenye mfumo. Kama simu ina shida, na mbolea inachelewa.

Wazee wanakwama wapi?

Sio kwamba hawana akili ya simu. Mzee anayeangalia jani la hindi akajua lina njaa ya nitrojeni hawezi kushindwa kubonyeza namba. Ninavyoona kwenye kata yangu, vinavyowakwamisha ni hivi:

- Maandishi ni madogo na macho yamechoka.
- Alama za vidole zimefutwa na jembe, mashine inakataa kuzisoma. Matokeo yake laini inasajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu.
- Sisi vijana tuna haraka. Tunachukua simu, tunabonyeza, tunarudisha. Mzee hajajifunza kitu.

Kuna bibi mmoja alisajiliwa kwa namba ya mjukuu wake. Mjukuu akaenda mjini kutafuta maisha, laini akaondoka nayo, meseji zote zikawa zinaingia huko. Mvua zikaanza, bibi akapanda bila mbolea. Mpaka namba inarekebishwa, mahindi yalishafika magotini.

Hapo hasara imeshaingia. Fosforasi iliyomo kwenye mbolea ya kupandia kama DAP inatakiwa iwepo pale mche unapoanza kutoa mizizi. Urea ya kukuzia itarudisha ukijani wa majani, lakini haiwezi kurudisha mizizi ambayo haikujengeka mwanzoni.

Fanya hivi mapema

1. Namba iwe ya mkulima mwenyewe. Piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama namba iliyoko kwenye mfumo si yake, aende ofisi ya kijiji ibadilishwe. Maeneo ya mvua za Novemba, Septemba isipite.

2. Vidole vikigoma. Asiende kusajili laini akitokea shambani. Siku kadhaa kabla apake mafuta mikononi jioni, na siku yenyewe anawe vizuri kwa sabuni. Ajaribu vidole vyote, maana kidole gumba ndicho kinachosuguliwa sana na mpini.

3. Kitochi kinatosha. Msimshawishi mzee auze mbuzi anunue simu kubwa. Meseji zinaingia vizuri tu kwenye simu ya batani. Muongezee ukubwa wa maandishi na sauti ya mlio kama simu inaruhusu.

4. Namba ya mkulima iandikwe kwenye daftari, ikae pamoja na kitambulisho. Namba ya siri ya pesa isiandikwe humo, na asimpe mtu yeyote, hata mimi bwana shamba. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni ya matapeli. Asiijibu, aitume kwenda 15040.

5. Kijana, fundisha bila kushika simu. Simu ibaki mkononi kwa mzee, wewe elekeza kwa mdomo. Kitu kimoja kwa siku: leo kufungua meseji, kesho kuangalia salio. Arudie mara tatu mbele yako. Akikosea usicheke wala usigune, maana akiona aibu hatauliza tena.

Na nyie wazee wangu, shikamooni. Kuuliza si kujidhalilisha. Mlitufundisha kushika jembe tukiwa tunakata miche badala ya magugu, na mkavumilia. Mkifika ofisini na simu hamuielewi, semeni "nielekeze taratibu". Hiyo ni haki yenu.

Wiki hii fanya jambo moja tu: muulize mzazi wako namba gani ya simu iko kwenye usajili wake wa mbolea. Kama hajui, anzia hapo.