Ugonjwa wa Alzheimer: Kinachorithiwa na Kisichorithiwa

Mama aliyechuma chai kwa miaka thelathini hahitaji kutazama mikono yake. Vidole vyenyewe vinajua majani mawili na chipukizi. Kisha asubuhi moja anafika kituo cha kununulia majani chai na kikapu kilichojaa nyasi na majani makuukuu, na foleni nzima inacheka. Miezi kadhaa baadaye anapotea akirudi nyumbani kutoka kituo hichohicho, kwa njia aliyoipita tangu aolewe. Hapo watu huuliza maswali mawili. La kwanza husemwa wazi: nani amemfanyia hivi? La pili husemwa kwa sauti ya chini: je, watoto wake nao watakuwa hivi?

La kwanza lina jibu fupi. Hakuna aliyemfanyia. Kusahau kwa namna hii ni dalili ya demensia, yaani kudhoofika kwa ubongo hadi mtu ashindwe na shughuli zake za kila siku. Alzheimer ndiyo aina yake inayopatikana zaidi, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Wala si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyodhani. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa watu wapatao 6 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia.

Ugonjwa huu ulipewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 alieleza habari za mama aliyeanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka hamsini hivi. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, daktari alichunguza ubongo wake na kukuta mabonge ya uchafu nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo inajulikana kuwa mabonge hayo ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo ni protini iitwayo tau. Huanza kujikusanya miaka mingi kabla mtu hajasahau chochote.

Swali la pili ni gumu zaidi, na huku kwenye chai lina uzito wake. Kabla ya koito, familia mbili huchunguzana, na nyumba inayosemekana kuwa na wazimu wa uzeeni inaweza kukataliwa kimyakimya. Kwa hiyo wazee wengine hufichwa chumba cha nyuma, na hawafikishwi hospitali.

Mkulima wa chai anaelewa urithi kuliko anavyofikiri. Kloni kama TRFK 6/8, iliyotolewa na watafiti wa chai papa hapa Kericho, hupandwa kwa vipandikizi, na kila kichaka ni nakala ya mti mama. Hata hivyo kichaka kilicho kwenye udongo mzuri hakitoi majani sawa na kile kilicho juu ya mwamba. Chai ya mbegu ni habari nyingine: kila mche huchukua nusu ya sifa zake kwa mti mmoja na nusu kwa mwingine, ndiyo maana shamba la zamani la mbegu lina vichaka vya kila namna. Binadamu ni chai ya mbegu. Mtoto hupata nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba, na hakuna ajuaye mapema ni nusu ipi.

Kuna jeni tatu ambazo hitilafu fulani ndani yake huleta ugonjwa wenyewe. Zinaitwa APP, PSEN1 na PSEN2. Mzazi mwenye hitilafu hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Familia kubwa kuliko zote zinazojulikana kuwa na hali hii ziko Antioquia nchini Kolombia, nchi ya milima na mashamba ya kahawa, ambako daktari Francisco Lopera alizifuatilia kwa miongo mingi. Huko wenye hitilafu ya PSEN1 huanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi. Kabla ya utafiti, wanakijiji wengi waliamini kuwa ni laana. Lakini aina hii ni adimu mno, chini ya mgonjwa 1 kwa kila 100 wa Alzheimer duniani.

Kwa wengine wote jeni haiamui, huongeza au kupunguza hatari tu. Inayojulikana zaidi ni APOE, yenye sura tatu: E2, E3 na E4. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kurithi E4 moja huongeza hatari mara tatu hivi, na kurithi mbili huiongeza zaidi. Afrika hesabu hiyo haikukaa sawa. Watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, na mwaka 2001 wakaripoti kuwa wagonjwa wapya wa Alzheimer Ibadan walikuwa chini ya nusu ya wale wa Marekani. Uhusiano wa E4 na ugonjwa ulikuwa hafifu sana Ibadan. Basi mkazi asiharakishe kutoa pesa kwa anayetangaza kipimo cha jeni mtandaoni. Kipimo cha APOE hakisemi nani ataugua, na takwimu zake nyingi hazikutoka kwa watu wa huku.

Kwa familia, maana yake ni hii. Kogo akianza kusahau akiwa na miaka 80, hatari ya wajukuu haipandi kiasi cha kuvunja uchumba. Ila baba, shangazi na ndugu wakianza kusahau kabla ya miaka 60, jambo hilo linastahili kuelezwa daktari wa hospitali ya rufaa.

Yapo pia mambo yasiyo ya urithi. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya demensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Iliorodhesha mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, pombe nyingi, masikio yasiyosikia vizuri na majeraha ya kichwa. La mwisho liwafikie vijana wa bodaboda: helmeti si pambo la kuning'iniza kwenye usukani.

Kuna sababu nyingine ya kutomficha mzee. Si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni kubwa baada ya kufiwa, maambukizi, hata dawa zenyewe anazomeza, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na mara nyingi vinatibika. Alzheimer yenyewe bado haina tiba ya kuiponya, lakini zipo dawa zinazosaidia kumbukumbu kwa muda.

Mashamba nayo yaangaliwe. Mzee asiyekumbuka siku ya leo asipelekwe kutia sahihi mauzo ya ardhi. Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo idhini yake inahitajika kabla ya shamba la kilimo kuuzwa, ndiyo mahali pa familia kupeleka pingamizi mapema.

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au ya Longisa kwa wakazi wa Bomet. Aende naye mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema yuko sawa. Abebe kitambulisho chake, dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba, na karatasi yenye mambo matatu: kusahau kulianza lini, ni kazi gani hawezi tena, na nani katika ukoo aliwahi kuwa hivyo na akiwa na umri gani.